MWENDA TEZI NA OMO: KIFAA KINACHOCHORA RAMANI GIZANI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

 

Kila mwanafunzi wa kutwa anaujua usiku wa stima kupotea. Umeketi mezani na hesabu zako, mara giza totoro! Mshumaa uko jikoni. Unainuka, unanyosha mkono, unaanza kupapasa ukuta. Hatua tatu, hili hapa kabati. Hatua mbili tena, hii hapa fremu ya mlango. Ukiguswa na pazia unajua umefika sebuleni, na ukijigonga goti unajua ile ni meza ya baba. Hujaona kitu, lakini unajua uko wapi, kwa sababu mkono umekueleza yaliyo kando yako na miguu imehesabu hatua.

Sasa jiulize, mpenzi msomaji, ingekuwaje kama stima ingepotea ukiwa katika nyumba ya wenyewe, nyumba ambayo hujawahi kuingia? Hapo huna ramani kichwani. Itakubidi uijenge ramani huku ukitembea, na wakati huo huo ujue uko wapi ndani ya ramani ambayo bado hujaimaliza. Kazi ngumu hiyo! Lakini kuna kifaa kinachoifanya, na mtu hukishika mkononi tu kama anavyoshika tochi. Kifaa hicho ni skana ya leza ya mkononi, nacho hutumiwa kuchora ramani ya mahali pa ndani pasipofikika kwa urahisi: mapango, migodi, ngazi nyembamba za minara na vyumba vya chini ya ardhi.

Huenda mtu akauliza, "Ramani ya ndani ya nyumba ni ya nini? Si kila mtu anajua mlango uko wapi?" Hata mimi niliwahi kufikiri hivyo. Shule yangu ya msingi ilikuwa na jumba la zamani la mawe, lenye ngazi ya mbao iliyopanda hadi chumba kidogo cha darini. Nilipokuwa darasa la sita jumba hilo lilibomolewa ili barabara ipanuliwe. Siku moja nyumbani tulikuwa tukilizungumzia. Mama, aliyesomea pale pale, akasema ngazi ilikuwa mkono wa kushoto ukiingia. Mjomba akasema la, ilikuwa kulia. Mimi nilikuwa nimepanda ngazi ile mara nyingi, lakini nilipoulizwa nilijikuta sina hakika. Watu watatu, majibu matatu, na hakuna karatasi hata moja ya kutuamua. Nikatambua kwamba nyumba ikianguka, haianguki mara moja. Inaanguka mara ya kwanza kwa tingatinga, kisha inaendelea kuanguka polepole katika vichwa vya walioijua.

Jambo kubwa kuliko hilo liliwapata majirani zetu wa Uganda. Pale Kasubi, jijini Kampala, kuna makaburi ya wafalme wanne wa Buganda: Mutesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili. Nyumba yenye makaburi hayo ilijengwa mwaka 1882 kwa miti, matete na nyasi. Ilikuwa na upana wa mita 31 kutoka upande hadi upande, na mwaka 2001 iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea kwa moto. Watu walilia barabarani. Lakini kwa bahati njema, mwaka 2009, yaani mwaka mmoja tu kabla ya moto, makaburi hayo yalikuwa yamepimwa kwa leza na shirika la CyArk. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 2003 na Ben Kacyra, mhandisi mzaliwa wa Mosul nchini Iraq, pamoja na mkewe Barbara. Nyumba iliungua, vipimo vikabaki.

Sisemi kwamba leza ndiyo iliyoijenga upya nyumba ya Kasubi. La hasha! Nyumba hujengwa na mafundi, na kazi ya kuezeka pale ina wenyewe, watu wa ukoo wa Ngeye waliorithishana ujuzi huo. Ujenzi ulichukua zaidi ya miaka kumi, na ni mwaka 2023 ndipo Kasubi ilipotolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Nisemalo ni kwamba fundi mwenye vipimo na fundi asiye na vipimo si sawa. Wa kwanza atasema, "Ilikuwa hivi." Wa pili atasema, "Nadhani ilikuwa hivi." Kule nyumbani kwetu, kuhusu lile jumba la mawe, sote watatu tumebaki watu wa nadhani.

Basi leza hupimaje? Hapa sina budi kuazima kidogo kutoka kwa wenzetu wa Chama cha Sayansi. Sote tunajua popo huruka gizani bila kugonga ukuta. Hutoa sauti, sauti ikagonga ukuta ikarudi, na kwa muda iliyochukua popo akajua ukuta uko umbali gani. Skana hufanya vivyo hivyo, ila badala ya sauti hutumia mwali mwembamba wa mwanga. Mwali hutoka, hugonga ukuta, hurudi. Kifaa huhesabu muda wa kwenda na kurudi, kikazidisha kwa kasi ya mwanga, kisha kikagawanya kwa mbili.

Mambo ni rahisi mpaka uanze kuhesabu. Mwanga huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Ukuta ukiwa mita 3 kutoka kwako, safari ya kwenda na kurudi ni mita 6. Igawanye sekunde moja katika vipande bilioni moja. Safari hiyo yote humalizika katika vipande 20 tu. Kupepesa jicho ni karne nzima ukilinganisha na muda huo! Hata hivyo kifaa huupima, na huupima tena na tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Kila kipimo huwa nukta moja angani. Nukta zikiwa nyingi, ukuta hujitokeza, dirisha hujitokeza, hata msumari uliosahauliwa ukutani huweza kujitokeza. Wataalamu huita mkusanyiko huo wingu la nukta.

Skana za leza za kawaida husimamishwa juu ya miguu mitatu, kama kamera ya mpiga picha wa harusi. Zinasimama mahali pamoja, zinajizungusha, zinapima pande zote, kisha zinahamishiwa mahali pengine. Kazi yao ni safi sana, na kosa lao ni la milimita. Lakini zina shida moja: haziwezi kuona nyuma ya kona. Kila kona inahitaji kusimamisha miguu upya. Katika ukumbi mpana si neno. Lakini je, katika ngazi inayopinda kila hatua?

Mfano mzuri ni Mnara wa Pisa, ule mnara wa Italia unaojulikana kwa kuinama. Ujenzi wake ulianza mwaka 1173, na ngazi yake ina vidato karibu 300, navyo vinazunguka ndani ya unene wa ukuta wenyewe, kama funza ndani ya embe. Ukisimama kidato kimoja unaona vidato vichache vya mbele, vichache vya nyuma, basi. Mnara huo umepimwa nje mara nyingi kwa sababu ya kuinama kwake, lakini tumbo lake lilikuwa gumu kuchorwa. Kusimamisha miguu mitatu kwenye ngazi ile, kidato baada ya kidato, ni kazi ya kumkatisha mtu tamaa. Na setilaiti zinazotuonyesha njia kwenye simu haziwezi kusaidia, kwa kuwa ishara zake ni dhaifu na haziwezi kupenya kuta nene za mawe.

Mwaka 2013 watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, waliingia mnarani humo na kifaa walichokiita Zebedee. Jina hilo lilitokana na kikaragosi wa kipindi cha watoto cha televisheni, ambaye badala ya miguu alikuwa na springi. Na kweli, kifaa chenyewe kilikuwa ni skana ndogo ya leza iliyokaa juu ya springi, na springi iko juu ya mpini. Mtu alikishika, akapanda ngazi akitembea kama kawaida. Kwa muda wa dakika 20 hivi, ndani yote ya mnara ilikuwa imepimwa. Kifaa hicho kilikuwa kikipima zaidi ya nukta 40,000 kila sekunde. Dakika 20 ni sekunde 1,200. Zidisha mwenyewe, utapata zaidi ya nukta milioni 48!

Lakini springi ya nini? Nilipokuwa nikisoma habari hizi, hapa ndipo nilipoweka kitabu chini nikacheka. Leza ile ndogo ilikuwa ikipima mstari mmoja tu, kama mtu anayechungulia kupitia ufa wa mlango. Ili ione juu na chini na kando, ilibidi ichezeshwe. Wahandisi wangeweza kutia mota ya kuichezesha, lakini mota ni uzito, na inakula betri. Wakatia springi. Mtu akitembea, mwili wake hutikisika, na springi huchukua mtikisiko huo na kukitingisha kichwa cha leza huku na huku kama mzee anayesinzia ndani ya matatu. Kutikisika kwa mkono, jambo ambalo mpimaji yeyote angelilaani, ndiko kulikogeuzwa kuwa injini ya kifaa. Ama kweli, akili ni mali.

Sasa tunafika penye mfupa. Ili useme nukta fulani iko wapi, lazima ujue kifaa kilikuwa wapi kilipoipima. Lakini kifaa kinatembea, tena kinayumba. Ili kujua mahali pake kinahitaji ramani, na ili kuchora ramani kinahitaji kujua mahali pake. Kuku na yai!

Ufumbuzi ni ule ule wa usiku wa stima kupotea. Ndani ya kifaa mna kihisio kidogo kinachotambua kila mgeuko na kila msukumo. Hicho ndicho miguu inayohesabu hatua. Nayo leza ndiyo mkono unaopapasa ukuta. Tarakilishi huchukua nukta za sasa hivi, ikazilinganisha na nukta za sekunde chache zilizopita, ikajiuliza: "Kona ile niliyoiona pale, sasa naiona hapa. Basi nimesogea kiasi gani, na nimegeuka kiasi gani?" Kila jibu huongeza kipande cha ramani, na kila kipande cha ramani husaidia jibu linalofuata.

Tulijaribu jambo hili hapa shuleni wakati wa kipindi cha chama. Tulimfunga mwenzetu macho kwa sweta, tukamwambia aende uwanjani hatua 20, ageuke kulia, hatua 20, ageuke tena, mpaka amalize pande nne za mraba. Kwa hesabu angerudi pale pale alipoanza. Alimalizia karibu na mlingoti wa voliboli, akiwa na hakika kabisa kwamba yuko mahali pake! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha tukampeleka kwenye jengo la madarasa, bado amefungwa macho, tukamwambia alizunguke huku akigusa ukuta. Alipofika kwenye bomba la maji ya mvua ambalo alikuwa ameligusa mwanzoni, alisimama akasema, "Hapa ndipo nilipoanza." Hakukosea.

Majaribio hayo mawili yanaeleza kila kitu. Makosa madogo hujilimbikiza. Ukikosea mwelekeo kwa digrii moja tu, ukishatembea mita 60 umekwisha potoka kwa takriban mita nzima. Katika pango refu au ngazi ndefu, makosa kama hayo yakipandana, ramani hujipinda kama ubao uliolowa. Na ubaya wake ni kwamba kifaa chenyewe hakijui, kama vile mwenzetu hakujua yuko voliboli.

Dawa yake ni kurudi. Wapimaji wanaotumia skana za mkononi hufundishwa kwamba safari inapowezekana imalizikie pale pale ilipoanzia. Kifaa kinaporudi mlangoni, kinaona ukuta ule ule wa mwanzo na kuutambua. Hapo tarakilishi hugundua: "Ramani yangu inasema niko nusu mita kutoka hapa, lakini ukuta unasema niko hapa hapa." Basi hufanya kama mshonaji ambaye amekuta kiuno cha sketi hakikutani. Haweki tofauti yote kwenye mshono mmoja, kwani sketi itakaa vibaya. Huigawa tofauti hiyo kidogo kidogo kwenye kila pindo, mpaka kiuno kikutane. Ndivyo njia yote iliyotembewa inavyonyoshwa, hatua kwa hatua, kutoka mwisho hadi mwanzo.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nami nilikuwa nikidhani methali hii inamwonya tu mtu anayewasahau wazazi wake. Kumbe ndani yake mna hata kanuni ya upimaji! Asiyerudi ngamani hajui amepotoka kiasi gani.

Hata hivyo kifaa hiki si cha miujiza, nacho kina maadui wake. Adui wa kwanza ni kioo, kwa maana mwali hupita ndani yake au huruka upande mwingine, na ukuta wa kioo huonekana kama haupo. Maji yaliyotulia na vumbi zito navyo husumbua. Adui wa pili ni mahali panapofanana mno. Ujia mrefu wenye kuta laini pande zote humdanganya, maana nukta za sasa hufanana na za awali, na kifaa huweza kudhani kimesimama ilhali kinatembea. Msishangae. Kila Januari, wenzetu wa Kidato cha Kwanza huingia madarasa yasiyo yao kwa sababu milango yote ya ujia wetu ni ya rangi moja. Adui wa tatu ni haraka. Mpimaji anayekimbia au kupinda kona kwa ghafla hukinyima kifaa muda wa kulinganisha ya mbele na ya nyuma. Afikapo mlangoni hupita polepole, ili leza ivione vyumba vyote viwili kwa pamoja. Zaidi ya hayo, vipimo vyake hukosea kwa sentimita chache, kwa hiyo anayetaka milimita atarudi kwenye miguu mitatu.

Pamoja na kasoro hizo, kazi yake imeenea. Watafiti wa Australia wamekitumia katika mapango ya Jenolan, ambamo mpimaji wa zamani alitambaa na futi kamba na dira, akiandika namba kwa mwanga wa taa. Migodini hutumiwa kupima mashimo ambayo paa lake halina uhakika, na mwaka 2018 ilianzishwa kampuni iitwayo Emesent ambayo hufunga skana ya namna hiyo kwenye ndege ndogo isiyo na rubani, ili iingie shimoni wakati mtu amebaki penye usalama. Hili si jambo dogo. Fikiria kijana anayechimba dhahabu katika shimo lisilo na ramani. Likiporomoka, waokoaji wanachimba wapi? Wanamtegemea aliyetoka mzima akumbuke njia zilivyopinda, na mtu mwenye hofu hakumbuki vyema. Hata simu nazo zimeanza: tangu mwaka 2020 zipo simu za bei ya juu zenye leza ndogo inayopima hadi mita 5 hivi.

Sisi hatuna simu hizo, na nauli yenyewe wakati mwingine ni tabu. Lakini futi kamba tunayo, penseli tunayo, na macho tunayo. Nawaomba wenzangu tuanze na shule yetu. Tupime ukumbi, stoo ya zamani, na lile tangi la chini ambalo wengi wetu hatujui linaishia wapi. Tuanzie mlango mmoja, tuzunguke, na turudi mlango ule ule, ili tujue tumekosea kiasi gani. Walio na nyumba za kale vijijini wazipime, waandike na tarehe. Siku moja tingatinga litakuja, au moto, au mvua tu ya miaka mingi, na mtoto ambaye bado hajazaliwa atauliza, "Ngazi ilikuwa upande gani?"

Mimi siwezi tena kujibu swali hilo kuhusu jumba letu la mawe. Mama yuko kushoto, mjomba yuko kulia, na tangu barabara ipite pale hakuna ngamani pa kurudi.